Mtu Aliyekataa Kuziba Breki

Mjini Migori ukiuliza habari za fundi wa breki aliyekuwa na kibanda nyuma ya soko, utajibiwa haraka kuliko unavyotaka. "Yule alikatisha mguu wa dereva wa shule?" watakwambia, na hawatangoja uitikie. Nimelisikia jibu hilo kwa muuza nyanya, kwa kinyozi, na hata kwa mzee wa kanisa ambaye gari lake lilitunzwa na fundi huyohuyo miaka nenda miaka rudi. Kila nikilisikia damu hunichemka. Ni uongo. Najua ni uongo kwa sababu nilikuwepo ulipotungwa, na nitaeleza nilikuwepo vipi. Lakini kwanza nataka mumjue mwenyewe, maana aliyevunjiwa jina anastahili angalau kusimuliwa na mtu aliyemfahamu.

Hakushika injini. Hakushika giaboksi wala nyaya za taa. Ukimletea gari lililokataa kuwaka, alikuonyesha jirani yake kwa kidole bila hata kuinuka. "Gari haiwaki haijaua mtu," alikuwa akisema. "Ile haisimami ndio inaua." Kibanda chake cha mabati kilikuwa na vitu vichache hata wageni wakadhani ameibiwa: jeki mbili, sanduku la spana, ndoo yenye kifuniko, na gogo la mti alilokalia. Mteja alisimama. Mtu mmoja tu ndiye aliyeruhusiwa kukaa naye gogoni, naye alikuwa dereva wa shule yetu. Kila Alhamisi dereva alikuja na samaki wa kukaanga aliofungiwa kwenye gazeti, wakala pamoja huku wakiitana "omera", ndugu yangu, na wakibishana juu ya barabara ipi ni mbaya zaidi, ya Magunga au ya Macalder. Sijui walikubaliana lini, kama waliwahi kukubaliana.

Kwetu mtu akija hukusalimu, hukuuliza habari za nyumbani, ndipo shida itajwe. Yeye alianza na magurudumu. Siku ya kwanza nilipompelekea gari langu dogo nilimnyooshea mkono, akanipita kana kwamba mimi ni mlingoti. Alilizunguka gari akipitisha mgongo wa kiganja karibu na rimu moja baada ya nyingine, kisha akachovya vidole kwenye kikombe chake cha maji ya kunywa, akarusha matone kwenye gurudumu la mbele kulia. Maji yakalia yakichemka.

"Hii imeshika," akasema. Ndipo akanipa mkono. "Habari ya shule, Japuonj?"

Japuonj ni mwalimu, kwa Kijaluo. Nikamuuliza amejuaje.

"Chaki kwa sketi."

Nilikasirika kwa namna alivyonipita, nikaapa sitarudi. Nilirudi kwa miaka tisa.

Kwa wasiojua, kalipa ni kile chuma kinachobana diski ya gurudumu unapokanyaga breki, kisha kuiachia unapoinua mguu. Kutu ikiingia kwenye pistoni yake, kinabana na hakiachii tena. Gari linakuwa zito, linavuta upande mmoja, linanuka nywele zilizoungua. Kuiponya ni kazi ya kuchosha. Aliifungua, akaisukuma pistoni nje polepole kwa mafuta ya breki yenyewe, akaisugua kwa msasa laini akiizungusha mkononi, akaiosha, akaweka mpira mpya, akairudisha. Hakuiosha kwa petroli, kwa kuwa petroli huvimbisha mpira. Hakupaka grisi ya kawaida, kwa sababu hiyohiyo. Kulikuwa na mwenye duka la spea, Mwislamu aliyetoka pwani miaka mingi iliyopita, na fundi alikuwa akimrudishia chupa za mafuta ya breki zisizo na kosa lolote ila kifuniko kimelegea.

"Mzee, hii imefunguliwa jana tu!" mwenye duka alilalamika.

"Jana usiku mzima imekunywa unyevu. Nikiweka hii, ni kutu naweka."

Aliyekuwa akimtia wazimu zaidi ni mtu anayeoshea gari ziwani. Mnajua desturi ya Homa Bay: madereva hufika na magurudumu yakiwa moto kwa safari, wanaliingiza gari ziwani mpaka maji yafike mlangoni, vijana wanalisugua pande zote. Gari hutoka linang'aa. Fundi aliona dhambi tupu. "Chuma moto, maji baridi, matope inaingia kila mahali. Halafu after two months unaniletea mimi na unaniuliza mbona imeshika!" Gari la shule yetu lilioshwa hivyo kila tulipokwenda Homa Bay. Alimgombeza dereva kwa hilo kila Alhamisi, mdomo umejaa samaki, na dereva alicheka tu na kusema watoto wanapenda gari safi.

Lakini sisi watu wa huku tuna dawa yetu nyingine ya kalipa iliyoshika, na hapa ndipo hasira yangu inapoanza hasa. Fundi wa kando ya njia hukata bomba linalopeleka mafuta kwenye gurudumu lile, hupachika skrubu, hukaza, akakwambia nenda. Gurudumu huzunguka vizuri kwa sababu halina breki tena. Umebaki na breki tatu, na hakuna anayekueleza gari litavuta wapi siku utakapokanyaga kwa nguvu. "Itafika tu," wanasema. Nimelichoka neno hilo. Tumejengea madarasa kwa neno hilo, tumevukia mito iliyofurika kwa neno hilo, na kila mtu anayelitamka huwa si yeye anayekaa kiti cha mbele.

Yeye hakuziba. Nilimwona akimfukuza mwenye lori la miwa aliyembembeleza kwa nusu saa nzima. "Mwenye alitengeneza hii gari hakuwa anakosa kazi ya kufanya," alimwambia. "Aliweka breki nne kwa sababu ni nne inatakikana." Yule bwana akaondoka akitukana, akazibiwa mbele kidogo, akapita akipiga honi kutuonyesha.

Na mtu huyohuyo, nawaapia, alikuwa akiendesha baiskeli isiyo na breki hata moja! Alisimama kwa kuburuta soli ya kiatu. Kiatu cha kulia kilikwisha miezi sita kabla ya cha kushoto, naye alitembea Migori nzima akiegemea upande. Nilipomcheka alinitazama kwa dharau. "Hiyo nikianguka naanguka peke yangu."

Alikuwa Msabato. Jua la Ijumaa likizama, spana zinaingia sandukuni, na hata aje nani hazitoki mpaka Jumapili. Mwenye duka la spea alikuwa akimtania kwamba kati yao wawili Ijumaa ya Migori imekwisha: mmoja yuko msikitini adhuhuri, mwingine anafunga magharibi, wenye magari watafute punda. Hata hivyo alikuwa na mipaka yake. Jumamosi moja ililetwa pikapu kutoka upande wa Macalder ikiwa na mama mwenye uchungu wa kuzaa, gurudumu linatoa moshi. Fundi alitoka kanisani, akavua koti, akaifanyia kazi kwa shati jeupe. Baada ya ibada wazee walimhoji. Akawaambia, "Hiyo ilikuwa ng'ombe imeanguka kwa kisima siku ya Sabato. Soma Biblia." Shati halikutakata tena, na aliendelea kulivaa kanisani likiwa na mafuta kifuani.

Sasa nitasema lile.

Nilikuwa nafundisha muziki. Kwaya yetu ilikuwa na watoto kumi na wanne, tulifanya mazoezi muhula mzima, na mashindano yalikuwa Homa Bay siku ya Jumamosi. Dereva alikuwa ameenda mazishini Rusinga, angerudi Jumamosi alfajiri. Ijumaa mchana gari la shule lilianza kunuka, na Mkuu wa shule akaliendesha mwenyewe mpaka kwa fundi, mimi nikiwa kando yake. Fundi alifungua gurudumu la mbele kushoto. Pistoni ilikuwa imekula kutu mpaka imechimbika. Alisema inatakiwa kalipa nyingine, itoke Kisumu, itafika jua likishazama, naye ataifunga Jumapili asubuhi.

"Mashindano ni kesho," Mkuu akasema.

"Basi tafuta gari ingine."

"Wewe ulitengenezea mama mjamzito siku ya Sabato. Hawa watoto si watu?"

"Hawa watoto hawajaanguka kwa kisima," fundi akasema. "Lakini ukienda na hii gari, wataanguka."

Alirudisha gurudumu ili gari lisilale juu ya jiwe. Akalisukuma pamoja nasi mpaka shuleni, kwa kuwa ni karibu, na kwa chaki akaandika kwenye kioo cha mbele: HAITOKI. Herufi kubwa, za mtu aliyesoma kidogo na kuheshimu alichosoma. Kisha akapanda baiskeli yake, akaondoka na jua likizama.

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi Mkuu alikuja uwanjani na mtu mwingine mwenye mfuko wa spana. Haikuchukua hata dakika kumi. Skrubu moja na kipande cha mpira wa baiskeli. Nilikuwa nimesimama pale, nimemshikia kopo la mafuta. Sikuuliza. Nilijua kabisa wanachofanya, nilikuwa nimesikia mhadhara huo kwa miaka tisa, na nilinyamaza kwa sababu nilitaka watoto wangu waimbe na nilitaka kushinda. Yule mtu alipoondoka, Mkuu alinipa kitambaa kibichi. Nikafuta chaki.

Dereva akaja, macho mekundu kwa mkesha wa mazishi. Alikuwa amepata habari kwamba gari lilipelekwa kwa fundi.

"Madam, rafiki yangu alimaliza hii kazi?"

"Alimaliza jana," nikasema. "Kabla jua kuzama."

Akacheka. "Huyo Msabato wangu! Hata angebaki na dakika moja angemaliza." Hakuligusa gurudumu. Hakuwa na haja, kwa kuwa alimjua aliyelitengeneza.

Kwenye mteremko wa kushukia Homa Bay ng'ombe walivuka barabara. Dereva alikanyaga. Gari likavuta kulia kwa ghafla, likakata barabara, likaangukia mtaroni. Watoto waliumia mikono na vichwa, wote walipona. Mguu wa dereva ulibanwa chini ya usukani na ukakatwa juu ya goti. Mimi nilikuwa nyuma, kwenye gari la Mkuu, lenye breki nne.

Skrubu ilipatikana, na polisi walimchukua fundi Jumapili akiwa na ile kalipa mkononi, anakuja kuifunga, hana habari ya ajali. Alikaa mahabusu siku tatu. Mtu wa skrubu alikwisha kuvuka mpaka pale Sirari, na sijawahi kusikia habari zake tena. Kwenye kikao cha bodi ya shule Mkuu alisema kwa sauti ya huzuni, sauti aliyoitumia kwenye mahafali, kwamba fundi alikimbilia Sabato yake akaacha kazi nusu. Akanigeukia. "Madam alikuwepo." Wote wakanitazama. Nikasema, "Ndiyo. Fundi alilifungua lile gurudumu Ijumaa jioni." Kila neno lilikuwa kweli. Nilikaa nikanywa chai yao.

Polisi walimwachilia kwa kukosa ushahidi, lakini mji haukumwachilia. Lisemwalo lipo, watu walisema, na wateja wakahamia kwa wale wanaoziba. Hebu fikirini! Mtu pekee Migori aliyekataa kuziba anafilisika kwa kosa la kuziba, na wazibaji wanapata foleni! Mmoja tu ndiye aliyemtetea, mwenye duka la spea. Aliuliza waziwazi, dukani mwake, mtu anayerudisha chupa kwa sababu kifuniko kimelegea ataziba vipi kwa skrubu. Walimjibu kwamba yeye ni mgeni, haelewi mambo ya huku. Alikuwa ameishi Migori kuliko wengi wao.

Kilichoniuma kuliko vyote nilikiona hospitalini. Nilikuwa nimempelekea dereva matunda. Fundi akaingia, shati lile la mafuta kifuani, mkononi samaki wa kukaanga ndani ya gazeti. Ilikuwa Alhamisi. Dereva alimtazama mara moja, akageuza uso ukutani. Fundi alisimama mguuni pa kitanda, akasema, "Omera, si mimi." Akaweka samaki juu ya kabati, akatoka. Dereva alimwomba nesi awatupe. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti, umbali wa hatua mbili, nikimenya chungwa.

Basi mnaona. Nimemkasirikia Mkuu, ambaye alipandishwa cheo na husimamishwa aongee kwenye harambee. Nimeukasirikia mji. Lakini aliyeuweka uongo ule katika sikio la dereva ni mimi, na bila sentensi yangu moja wale wawili wangekuwa bado wanabishana gogoni. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekwenda miaka sita.

Mwaka huu, Jumatano moja mchana, nilikuwa natoka Magunga ninakofundisha sasa. Karibu na kuingia Homa Bay nikasikia ile harufu. Wenye bodaboda wakanielekeza: nenda kwa mzee wa breki, huko chini, karibu na pale wanaosha magari. Nilijua ni nani kabla sijafika; Migori alishafunga kibanda na kuhama. Ningeweza kugeuza gari. Nilikaa dakika kadhaa nimezima injini, nikifikiria kugeuza.

Alikuwa amezeeka, amekonda shingo. Alipita mbele yangu bila salamu, akalizunguka gari, mgongo wa kiganja ukipita kwenye rimu. Alipomaliza akanipa mkono.

"Habari ya shule, Japuonj?"

Nilijibu nzuri. Akachukua jeki. Nilisimama juani nikimtazama akifungua, akisugua, akiosha, kwa mwendo uleule wa zamani, na nyuma yetu magari yakiingia ziwani na kutoka. Mara mbili aliinua kichwa akawakaripia vijana wa kuosha, nao wakamjibu kwa utani, "Sawa baba, sawa." Kazi ilibaki kutoa hewa kwenye mabomba, kazi inayotaka watu wawili. Akaniambia niketi kwenye usukani.

"Kanyaga mara tatu. Ya tatu shikilia. Nikifungua hapa, usitoe mguu mpaka niseme. Ukitoa, hewa inaingia, tunaanza mwanzo."

Nikakanyaga. Simwoni, yuko chini kando ya gurudumu. Labda ndiyo sababu nikaweza.

"Fundi," nikasema, "ile siku ya gari la shule. Mimi ndiye niliyefuta chaki."

"Shikilia."

"Nilimwambia dereva ulimaliza kazi. Ni mimi."

Kanyagio likazama taratibu chini ya mguu wangu. Mafuta yalikuwa yanatoka.

"Najua," akasema. "Nilikuacha na Mkuu pale kwa gari. Mkuu hawezi kuongea na dereva yeye mwenyewe, anamtuma mtu."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema! Siku tatu kwa seli nilisema. Nani alisikia?" Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akipaza sauti kwa jambo lisilo breki. "Wewe ulisikia. Ulinyamaza."

Nilianza kulia. Nikamwambia nitaandika barua, nitakwenda Migori, nitasimama kanisani kwake nitaje jina la Mkuu mbele ya wazee wote. Nilikuwa naongea haraka, naahidi kila kitu.

"Migori wacha," akasema. "Barua pia. Kuna mtu mmoja tu nilitaka asikie." Akainuka, akafuta mkono mmoja kwenye suruali, akatoa simu kifuani. "Nimempigia hii miaka yote. Akisikia sauti yangu anakata." Akabonyeza, akaiweka juu ya dashibodi kwa spika ili sauti isikike, akashuka tena chini. "Huku kwa breki bado iko wazi. Usitoe mguu."

Simu ikaita. Ikaita sana. Kisha ikapokewa.

"Wewe tena? Si nilikuambia—"

"Ni mimi," nikasema. "Madam wa muziki."

Halafu sauti ikabadilika, ikachangamka kabisa. "Madam! Madam wetu! Leo umekumbuka mtu wa mguu mmoja? Wewe peke yako ndio ulikuwa unaniletea matunda, mimi sisahau. Lakini mbona unatumia simu ya huyo mtu?"

Kanyagio lilikuwa limefika chini kabisa.

"Fundi hakumaliza ile kazi," nikasema. "Alikataa. Aliandika kwa kioo kwamba gari lisitoke. Mkuu alileta mtu mwingine akaziba asubuhi, mimi nikafuta maandishi, nikakudanganya. Yeye hakuweka ile skrubu. Ni mimi nilikudanganya."

Nilisikia kuku wakilia upande wake, na mtoto akiitwa kula. Nilidhani amekata, nikatazama simu, haikuwa imekatwa.

"Yuko hapo?" dereva akauliza mwishowe.

"Yuko hapa. Anakusikia."

Kisha akaita, polepole, "Omera?"

Nilisikia spana ikimponyoka fundi, ikianguka juu ya kokoto. Nami nikabaki nimekanyaga.